Siku mbili za mkutano wa zana za programu, na sisi tunaozitumia tumenyimwa hata dakika kumi

Wadau, naandika nikiwa bado na hasira, na sitaificha. Alhamisi na Ijumaa iliyopita kampuni yetu ilituita wahandisi wote kwenye hoteli moja huku Mombasa Road, Nairobi, mkutano wa ndani kuhusu zana za kutengenezea programu. Wenzetu wa Mombasa walipanda treni ya usiku ili wafike kwa wakati. Mwaliko ulisema tunaitwa ili tusikilizwe, sisi tunaoandika msimbo kila siku. Niliyaamini maneno hayo. Jumanne nilikaa mpaka usiku nikiandaa swali langu.

Kwanza nieleze shida yenyewe, maana asiyeifanya kazi hii anaweza kudhani tunalilia starehe. Ukibadilisha msimbo, hata mstari mmoja, seva huijenga programu upya na kuipitisha kwenye majaribio kabla haijaruhusiwa kwenda kwa wateja. Utaratibu huo ni mzuri na siupingi. Ila kwetu unachukua dakika 43. Seva hizo ziko hapa hapa ofisini Nairobi, lakini kila zikianza kazi hufuta kila kitu na kuvuta upya vifurushi vyote vya msimbo (vipande vilivyoandikwa na wengine ambavyo programu yetu inavitegemea) kutoka Ulaya, vile vile vya jana na juzi, kana kwamba hatujawahi kuvipata. Mei 2024, nyaya za intaneti za EASSy na Seacom zilipokatika baharini huko kusini, tulikaa siku nzima bila kujenga chochote. Tulikuwa na umeme, tulikuwa na mashine, tulikuwa na watu. Kilichokosekana ni nakala za vifurushi ambavyo tulikuwa tumeshavipakua maelfu ya mara.

Juu ya hapo kuna majaribio ya kigeugeu. Leo yanafeli, kesho yanapita, na hakuna aliyegusa kitu. Likifeli moja, unarudi mwanzo: dakika 43 nyingine.

Ijumaa moja jioni nilikuwa zamu. Mama mmoja, mteja wetu mwenye duka la jumla kule Nyamakima alinipigia, hesabu za siku zimegoma kufungwa na vijana wake wamesimama wanangoja malipo waende nyumbani. Kosa nililipata kwa dakika 20, ni mstari mmoja tu. Nikaurekebisha, nikautuma, nikangoja. Jaribio la kigeugeu likafeli, jaribio lisilohusiana kabisa na hesabu. Nikatuma tena. Yule mama alinipigia mara nne, na kila mara ananiita "mwanangu", ananiuliza imebaki muda gani. Karibu saa mbili zilipita kwa sababu ya mstari mmoja.

Anayetumia Git, zana ya kutunza historia ya mabadiliko ya msimbo, anajua ile amri ya bisect: unaipa toleo lililokuwa zima na lile lililoharibika, inagawa katikati mpaka imshike mkosaji. Mabadiliko 1,000 yanahitaji hatua kama 10 hivi. Ni zana safi mno. Lakini kwetu hatua 10 kwa dakika 43 ni zaidi ya saa saba, siku nzima ya kazi, na jaribio likikudanganya katika hatua ya tatu utaishia kumlaumu mtu asiye na hatia. Nimewahi kufanya hivyo. Kijana wa watu alijitetea mbele ya timu nzima kwa kosa lisilo lake, na nikamwomba msamaha siku iliyofuata.

Sasa mkutano. Asubuhi ya kwanza mgeni kutoka makao makuu ya ng'ambo alizungumza saa moja na nusu kuhusu msaidizi wa akili unde anayeandika msimbo. Sina ugomvi na mgeni, alikuwa mtu wa heshima na kazi yake anaijua. Sina ugomvi na akili unde pia, naitumia. Lakini hakuna aliyemwambia kwamba hapa kuandika siyo kunakotuchelewesha. Msimbo ukiandikwa kwa dakika tano bado utasimama dakika 43 mlangoni, na tukiandika haraka zaidi tutaurefusha mstari wa wanaongoja. Hilo ndilo lilikuwa swali langu. Maswali yalitakiwa yatumwe mapema, nikalituma Jumanne. Halikusomwa. Nikainua mkono, mshereheshaji akasema muda umekwisha, twende chai.

Kilichonichoma hasa ni kile alichofanyiwa dada mmoja wa timu ya malipo. Kwa miezi mitatu, bila kuagizwa na mtu, aliandika kila jioni muda ambao timu yake imepoteza ikingoja: vifurushi kiasi gani, majaribio ya kigeugeu kiasi gani, yapi hasa, yamefeli mara ngapi. Alipewa dakika 40 Alhamisi saa nane. Zikasogezwa Ijumaa. Ijumaa zikawa 10. Alipofika slaidi ya tatu, ile yenye jumla ya saa 9 kwa kila mhandisi kila wiki, akaambiwa ashuke kwa sababu mpiga picha anataka picha ya pamoja kabla jua halijapotea. Akasema asante, akachomoa waya wa kompyuta yake, akashuka. Viongozi walikuwa tayari wamesimama wakinyoosha makoti.

Slaidi ambazo hazikuonekana nimeziona mimi, alinionyesha baadaye kwenye ngazi. Dawa anaitaja wazi. Mashine moja ya kuhifadhi iwekwe kwenye chumba cha seva, ishike nakala za vifurushi, ili kinachovutwa kutoka nje kiwe kile kipya tu. Mashine hiyo tunayo, iko stoo tangu mwaka jana, inangoja saini. Majaribio ya kigeugeu yatengwe kando mpaka yatakaporekebishwa, yasimzuie mtu. Haombi bajeti. Haombi safari. Anaomba saini na wiki mbili za watu wawili.

Jioni tukatumiwa fomu ya maoni. Imeuliza chakula, ukumbi, sauti na vyumba. Kuhusu zana haikuuliza neno.

Mabosi wetu wengine husoma humu, najua. Ninachotaka ni hiki: dada huyu apewe dakika zake 40, ofisini, mbele ya wale wale waliokuwa wamekaa mstari wa mbele, na slaidi zake zitumwe kwa kila mfanyakazi. Na hiyo mashine itolewe stoo wiki hii.

Nanyi wadau mlio kwenye kampuni nyingine hapa mjini, kama mmeshafanikiwa kuweka ghala la vifurushi la ndani, andikeni hapa: mlianzia wapi, nani alitia saini, na muda wa kujenga ulishuka kutoka dakika ngapi hadi ngapi. Jumatano tuna kikao na meneja na nataka niingie na majibu yenu mkononi.