Goti la bandia, miaka 64: kuna aliyerudi kukimbia?

Mkimbiaji_Moshi
Wanajamvi, habari za leo. Nimeanza kukimbia nikiwa shule ya msingi, 1974, Filbert Bayi alipovunja rekodi ya dunia ya mita 1500 kule Christchurch. Mwaka ule kila mtoto kijijini kwetu alikuwa Bayi. Kilimanjaro Marathon nimekimbia kilomita 21 mara tisa.

Miezi kumi na moja iliyopita nilibadilishiwa goti la kulia lote, sasa ni chuma na plastiki. Natembea hadi Rau na kurudi bila fimbo. Ngazi napanda vizuri, kushuka bado nashika ukuta. Daktari alisema nitembee, niendeshe baiskeli, niogelee. Nilipouliza kuhusu mbio akanyamaza kidogo, kisha akasema ile plastiki inalika. Binti yangu ameficha raba zangu. Lakini saa kumi na moja na nusu alfajiri nasikia vijana wakipita nje wanakimbia, na mimi nimekaa kitandani. Inaniuma sana. Kuna wa umri wangu aliyerudi? Alianzaje?

Mama_wa_Tanga
Shikamoo kaka. Mimi nina 59, ila goti langu halikubadilishwa, walikata gegedu lililochanika kupitia vitundu viwili tu. Mwezi wa nne baada ya upasuaji nikaanza: dakika moja mbio, mbili kutembea, ufukweni maji yakishakupwa, mchanga ukiwa mgumu. Naliangalia goti kesho yake asubuhi. Likiamka limevimba, najua jana nilizidisha.

Fizio_Arusha
Shikamoo mzee wangu. Mama amesema jambo la maana: upasuaji wake si wako. Andy Murray, yule mcheza tenisi, naye aliwekewa chuma nyongani Januari 2019, Oktoba akachukua kombe la tenisi Antwerp. Lakini ile ni nyonga, na alikuwa na miaka 32.

Kwa goti lililobadilishwa lote, mbio za barabarani sikushauri. Likilegea, upasuaji wa kurudia ni mgumu kuliko wa kwanza, maana mfupa umeshapungua. Kilichonishtua zaidi ni hiyo ngazi. Kaa kwenye kiti karibu na ukuta, binti awepo, inuka kwa mguu wa kulia peke yake. Unaweza?

Mkimbiaji_Moshi
Nimejaribu sasa hivi. Kushoto mara sita. Kulia hata mara moja, na nimejitahidi kweli. Miezi yote hii sikujua paja limeisha kiasi hiki. Basi mbio naziweka chini, mwanangu. Je, kupanda mlima kwa miguu? Ile barabara ya Mweka tunayopanda siku ya marathoni naiota.

Fizio_Arusha
Kupanda ruksa, paja linafanya kazi. Kushuka ndiko kunakolitesa goti. Anza na nusu saa tu, polepole, halafu rudi na gari. Mazoezi ya kiti kila siku, kwanza miguu yote miwili.

Mkimbiaji_Moshi
Jumamosi basi. Napanda kwa miguu, nashuka na daladala. Binti amesoma haya yote, amenirudishia raba, na anasema tunakwenda wote.