Laki nane mkononi: lenzi ndefu au laptopu ya kuhariria? Nawataka mbega wa Meru

Kijana wa Majengo, Moshi
Wakuu, habari za jioni. Napiga picha za harusi na kipaimara hapa Moshi, kamera ni Nikon D3300 na lenzi yake iliyokuja nayo, 18-55 (milimita 18 hadi 55, haivuti mbali). Mwezi uliopita kwaya yetu ilikwenda Hifadhi ya Arusha, kule Mlima Meru, tukakuta mbega wametulia juu ya mti, hawana habari na mtu. Nikapiga kama hamsini. Kufika nyumbani nafungua, naona doa jeusi limefungwa kitambaa cheupe. Basi.

Nina laki nane. Kuna jamaa Arusha anauza lenzi ndefu ya kuvuta mbali, 70-300 ya mtumba, laki nne na nusu. Kuna laptopu nzuri ya kuhariria, laki saba na nusu. Vyote siwezi. Nianze na kipi?

Lenzi Kuukuu
Lenzi, wala usilale nalo. Piga hesabu mwenyewe. Kamera yako ina megapikseli 24. Ukitaka mbega uliyempiga kwa milimita 55 aonekane mkubwa kama wa lenzi ya 300 kwa kukata picha, unabaki na chini ya megapikseli moja. Hakuna programu itakayokuletea unywele ambao sensa ya kamera haikuuona.

Ila kabla hujatuma hela: hiyo 70-300 ni ipi? Soma maandishi kwenye shingo yake. Unataka AF-S, au AF-P, hizo zina mota ya kufokasi ndani. Kuna ya zamani imeandikwa AF tu na G mwishoni, nyepesi kama kopo. Haina mota ndani, na D3300 nayo haina mota mwilini.

Kijana wa Majengo
Duh. Katuma picha sasa hivi. Ni AF 70-300 G. Anasema inafokasi safi kabisa.

Lenzi Kuukuu
Kwenye kamera yake huenda, kama ni D7000 au D90, hizo zina mota. Kwako utazungusha pete kwa mkono huku mbega keshahamia mti wa tatu. Achana naye.

Mama Studio, Arusha
Mimi napingana kidogo na Lenzi Kuukuu, mdogo wangu. Lenzi sawa, lakini soma tena alichoandika: doa jeusi na kitambaa cheupe. Hilo si tatizo la umbali, ni la mwanga. Mbega ni bwana harusi wa suti nyeusi na bibi harusi wa shela kwenye mwili mmoja! Kamera inaona weusi mwingi na giza la msitu, inaongeza mwanga, na yale manyoya meupe ya mabegani na mkiani yanaungua. Yakishaungua yameungua, ukishusha mwanga kwenye kompyuta unapata kijivu tupu, kama karatasi.

Kwa hiyo: piga RAW, yaani faili ghafi la kamera badala ya JPEG ya kawaida, na ushushe mwanga hatua moja kwa kile kitufe cha kujumlisha na kutoa. JPEG inakupa ngazi 256 za mwanga kwa kila rangi. RAW ya D3300 inakupa 4,096. Weusi utauinua baadaye, humo ndimo macho yalimojificha.

Na laptopu ya laki saba ya nini? Programu ya kuhariri ya NX Studio, ya Nikon wenyewe, ni ya bure, darktable ni ya bure, na zote zinafungua RAW yako. Kinachotaka mashine kubwa ni ile kazi ya programu ya Lightroom ya kuondoa chenga (zile nukta nukta za picha ya gizani) kwa akili bandia, iliyokuja 2023. Kwenye kompyuta yangu ya zamani niliibonyeza, nikaenda kukaanga ndizi, nikarudi, bado picha moja.

Fundi Mlima
Mnahangaika bure. Mimi nilipiga mbega wangu mdogo hivyo hivyo, nikamtoa tawi la mbele ya uso, nikamwekea Kilimanjaro nyuma. Likes kibao. Tazameni.

Mama Studio, Arusha
Nimetazama, kaka. Mbega kapigwa jua kutoka kushoto, mlima kutoka kulia. Una jua mbili.

Fundi Mlima
😅 Hakuna aliyeuliza mpaka wewe.

Mama Studio, Arusha
Kijana, ukianza kuhariri utakutana na hili, nililipata kwa shida: chini ya miti manyoya meupe yanakuwa ya kijani kwa sababu ya majani. Utashawishika kubonyeza kile kidude cha kusahihisha rangi juu ya manyoya. Ukifanya hivyo msitu mzima unageuka zambarau. Acha msitu na ukijani wake, chukua brashi, pitisha kwenye manyoya tu, punguza ukolezi wa rangi. Kidogo. Yakiwa meupe kama karatasi umezidisha.

Mzee wa Horombo
Wanangu, mimi nilibeba mizigo njia ya Marangu, Kilimanjaro, miaka mingi. Huyu kijana yuko Moshi, mbona mnampeleka Arusha? Msitu wa kuelekea kituo cha Mandara una mbega, na kima wamo. Ukipanda zaidi, kituo cha Horombo kwenye mita 3,720, kuna panya wenye mistari mgongoni na kunguru wenye shingo nyeupe wanaokuja mpaka miguuni. Pale hata 18-55 inatosha. Betri zilale nawe ndani ya blanketi, baridi inazimaliza. Na ukiitoa kamera kwenye baridi kuingia kwenye joto, iache ndani ya begi lililofungwa, la sivyo kioo kinatoka jasho.

Lenzi Kuukuu
Shikamoo mzee. Umesema kweli, ila kwa siku moja Meru ni rahisi zaidi, mbega unawapata ukiwa kwenye gari. Asubuhi wanakaa juu ya miti kuota jua. Kijana, chukua soksi ya mchele, iweke dirishani, lenzi ilale juu yake, gari lizimwe injini. Shata 1/500 ya sekunde, na ISO, yaani usikivu wa kamera kwa mwanga, 1600 usiiogope. Ukitaka kutembea kwa miguu ni na askari wa hifadhi, nyati wamejaa mle. Droni acha nyumbani, bila kibali ni marufuku.

Mzee wa Horombo
Marahaba. Mchele na ule baadaye.

Kijana wa Majengo
Wakuu nimerudi, wiki tatu zimepita. Nilipata AF-S 70-300 yenye VR, ile ya kupunguza mtikisiko, kwa laki tano na nusu, ya bwana mmoja aliyehamia video. Laptopu ni ya dada, nimeweka NX Studio. Jumamosi tulikuwa hifadhini tangu geti linafunguliwa. Picha 412. Nyingi ni majani. Mbega mmoja alikaa karibu kabisa, mtoto kifuani, mweupe mwili mzima kama pamba, nikainua kamera, akanigeuzia mgongo.

Nimeshusha mwanga kama mama alivyosema. Ni mgongo, lakini mkia unauona unywele mmoja mmoja, na umande juu yake. Naipandisha hapa.

Mama Studio, Arusha
Hiyo kona ya chini kulia bado kuna ukijani. Pitisha brashi.