Naomba ushauri: mdogo wangu aliumia shingo, tusubiri kifaa cha umeme au twende kwenye seli shina?

Wakuu, salaam. Mdogo wangu aliumia uti wa mgongo sehemu ya shingo, huu mwaka wa pili. Madaktari walisema neva hazikukatika zote: mkono wa kulia unashika kijiko kwa taabu, wa kushoto unatikisika tu. Mazoezi ya viungo anafanya, ila karibuni ni kama amegota.

Nimekuwa nikisoma usiku (usingizi wenyewe uko wapi). Kuna yule Mholanzi, Gert-Jan Oskam, ambaye mwaka 2023 watafiti wa Lausanne, Uswisi, walitangaza anatembea kwa vipandikizi vinavyosoma mawimbi ya ubongo na kuuamsha uti wa mgongo kwa umeme. Nikafurahi, kisha nikakumbuka huyo ni mtu mmoja. Kilichonigusa zaidi ni mashine ya umeme iitwayo ARC-EX, iliyoidhinishwa Marekani Desemba 2024. Haina upasuaji: vibandiko vinawekwa juu ya ngozi ya shingo na kupitisha umeme huku mgonjwa akifanyishwa mazoezi ya mikono. Imelenga hasa watu kama yeye, walioumia shingo lakini neva hazikukatika zote.

Sasa kuna kliniki inataka kumchoma seli shina (chembe changa zinazoweza kugeuka kuwa aina nyingine za seli za mwili), eti atasimama, na pesa yote ilipwe kwanza. Mimi nasita, mama anataka tuuze kila kitu.

Aliyewahi kutumia umeme wa juu ya ngozi, mikono ilibadilika baada ya muda gani? Na hiyo kliniki niiulize nini kabla sijamjibu mama?