Mume wangu diwani, mimi natetea wajane. Nyumbani hakukaliki, naombeni ushauri

Mke wa Diwani (mleta uzi)
Habari za muda huu wakuu. Miaka yote nimekuwa msomaji tu humu, leo yamenifika.

Mume wangu ni diwani, kata moja ya vijijini mkoa wa Kagera, sitaitaja. Tangu apate udiwani nimejikuta na kazi isiyo na mshahara wala ofisi. Asubuhi nikifungua mlango nakuta akina mama kwenye benchi. Huyu mumewe kauza kahawa ikiwa bado mtini, ile butura, na hela kanywea. Yule kafiwa, matanga hayajaisha mashemeji wanapima kibanja, shamba la nyumbani. Nimesomea usaidizi wa kisheria, nimesaidia vikundi kuandika katiba na kuomba ile asilimia 4 ya wanawake ya halmashauri. Kwenye kampeni mzee alinisimamisha jukwaani akajisifu kwamba kata yake itakuwa na wasemaji wawili.

Sasa kuna mjane mashemeji zake wameuza nusu ya kibanja chake, migomba na mibuni vyote. Baraza la Kata limeshampa haki yake. Lakini mzee ananiambia niachane kabisa na suala hilo, ni mambo ya ukoo. Hatuongei vizuri, chakula anakula kwa dada yake.

Nifanyeje niendelee na kazi yangu bila kuharibu ndoa wala siasa zake?

Senene Mkavu
Nawahi siti ya mbele. Diwani anakula kwa dada yake, hiyo tayari ni kambi ya upinzani.

Mama Pacha
Mdogo wangu, kata ina watu maelfu, mume unaye mmoja. Hao wa kwenye benchi ukiachika hawatakuja kukupikia uji. Mwanamke anayejua kusuluhisha kata nzima na kwake panawaka moto ajitazame. Piga goti, omba yaishe.

Mjumbe Mstaafu
Tatizo lako ni dogo: unafanya kazi ya udiwani kwa jina la mtu mwingine. Chukua fomu ya viti maalum. Kwa kawaida theluthi moja ya madiwani wa kata inaongezwa kwa wanawake, kwa nini usiwe wewe? Mama Salma Kikwete alianza na taasisi yake ya WAMA 2006, mumewe akiwa Ikulu. 2017 akateuliwa mbunge, 2020 akasimama jimbo la Mchinga akapata. Anza na wajumbe wa jumuiya ya wanawake sasa hivi, wanapokea simu vizuri kabla msimu haujaanza.

Mke wa Diwani
Baba, asante, ila sijauliza habari za fomu.

Mzee wa Rubisi
Mmenikumbusha shangazi yangu, Mungu amrehemu. Alirudi kwao baada ya kuachika, babu akamkatia kipande. Babu alipofariki kaka zake wakasema mwanamke harithi ardhi ya ukoo. Yule mama alikaa mlangoni kwa kaka mkubwa siku nne na chungu chake, anapika hapo hapo, analala hapo hapo. Watu wakawa wanakuja kutazama. Kaka akaona aibu, akamwachia. Siku hizi nani ana aibu? Tena ile migomba ilikuwa enkundi safi, si hii ya sasa iliyoliwa na mnyauko...

Wakili Bila Joho
Turudi kwenye uzi. Maswali mawili. Nani aliteuliwa na Mahakama ya Mwanzo kuwa msimamizi wa mirathi? Kikao cha ukoo kinapendekeza tu, hakiteui. Kama hakuna msimamizi, mashemeji hawakuwa na cha kuuza.

La pili, mnunuzi ni nani? Kila mtu kwenye habari yako umemweleza, hata wa butura, isipokuwa yeye.

Mke wa Diwani
Msimamizi hakuna, walikaa ukoo wakaandika muhtasari basi. Mnunuzi ni mtu wa kawaida tu wa hapa hapa kijijini.

Wakili Bila Joho
Mtu wa kawaida anamfanya diwani ahamie kwa dada yake?

Senene Mkavu
Ongezeni viti.

Mke wa Diwani
Sawa. Mnunuzi ni mume wangu.

Msianze kunishambulia. Alinunua kwa hela halali, na anasema hakujua kama mjane hajaridhia. Mimi sikuwepo siku ya mauziano. Ila hicho kibanja ndicho kinachowalisha watoto wa yule mama, na mimi ndiye niliyezunguka vitongoji vyote nikiwaambia wanawake wasikubali. Nitawatazamaje?

Mama Pacha
Mh.

Binti wa Kamachumu
Hapa ndipo utamu wa wake za viongozi unapoishia. Mama Anna Mkapa alikuwa na mfuko wake wa EOTF, mama Salma na WAMA, Zanzibar mama Mariam Mwinyi ana taasisi inayowainua wakulima wa mwani, Kenya Margaret Kenyatta alikimbia marathoni ya London 2014 kuchangia uzazi salama. Kazi nzuri, sibezi hata moja. Lakini cherehani, mwani na zahanati havimgharimu mume kitu, vinampendezesha. Wewe umeambiwa utetee wanawake, ukaamini kweli.

Mkata Kauli
Wakuu, mnakunywa chai na mnaomba maandazi.

Huyu anasema amesomea usaidizi wa kisheria, halafu anasema "Baraza la Kata limeshampa haki yake". Tangu mabadiliko ya sheria ya 2021 Baraza la Kata halihukumu kesi ya ardhi. Linasuluhisha tu. Msaidizi wa kisheria asiyejua hilo amesomea wapi? Huyu ni mtu anautaka huo udiwani, anamchafua mwenzake mapema kabla ya kura za maoni.

Mjumbe Mstaafu
Nilihisi. Hata lugha si ya mwanamke wa kijijini.

Binti wa Kamachumu
Lugha ya mwanamke wa kijijini ikoje, mzee? Tufundishe.

Jicho la Ziwa
Mimi niko Muleba. Kuna diwani huku kanunua kibanja mwaka jana na ana mke mwenye vikundi. Nikisema herufi ya kwanza tu...

Mke wa Diwani
Tafadhali usiseme. Nimewaomba ushauri, sijawaomba mtaje watu.

Na wewe unayesema chai: huku watu wakisema baraza limempa haki wana maana wazee walikaa, wakasema arudishiwe. Mnunuzi hakutokea mara zote alizoitwa. Wakaandika usuluhishi umeshindikana, mjane karatasi anayo ya kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Nilifupisha kwa sababu sikutaka mniulize nani hakutokea.

Mkata Kauli
Maelezo yamekaa. Chai lakini ina tangawizi.

Wakili Bila Joho
Chai au si chai, wapo wengi wenye jambo hili, kwa hiyo nawajibu wao. Kagera ndiko ilikotoka kesi ya Holaria Pastory: 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu Mwanza alisema mila inayomzuia mwanamke wa Kihaya kuuza ardhi ya ukoo aliyorithi inagongana na Katiba. Huyo alikuwa binti. Mjane ana mlima wake: kanuni za mila za 1963, Tangazo la Serikali Na. 436, zinasema fungu lake ni kutunzwa na watoto wake. Kwa hiyo asijenge hoja kwenye urithi peke yake. Aoneshe alichopanda na alichojenga ndani ya ndoa, na aombe usimamizi wa mirathi Mahakama ya Mwanzo kwanza. Atahitaji pia hati ya mauziano.

Mke wa Diwani
Hati anayo.

Wakili Bila Joho
Kaipata wapi? Wauzaji hawawezi kumpa.

Mke wa Diwani
Kabatini kwetu. Niliitoa nakala steshenari nikamkabidhi. Kosa liko wapi? Ni kabati langu pia. Na asinilaumu mtu hapa, nisingempa angekwenda mikono mitupu.

Senene Mkavu
Dada wewe hukuja kuomba ushauri, ulikuja kutoa taarifa.

Mke wa Diwani
Nilichotaka kuuliza tangu mwanzo ni nimwambieje kabla samansi haijamfikia. Hajui.

Mjumbe Mstaafu
Usimwambie. Samansi ikifika shangaa pamoja naye.

Binti wa Kamachumu
Mwambie wewe, tena arudishe mwenyewe kabla ya kesi, awadai mashemeji hela yake. Diwani aliyemrudishia mjane kibanja anapata kura. Aliyeshindwa na mjane barazani hapati.

Mama Pacha
Nimesoma tena kutoka juu. Mdogo wangu, nilikwambia upige goti sijajua kibanja kimenunuliwa na nani. Mfuate huko kwa dada yake, mwambie mbele ya wifi, huyo hawezi kukupigia kelele akiwa anakula chakula cha watu. Na hati halisi usiirudishe kabatini.

Mzee wa Rubisi
Samahani simu ilizima. Nilikuwa naeleza habari ya enkundi...