FPS 90 lakini gemu linaganda: kosa ni la kadi au la gemu?

Swali
Wakuu, magemu mapya ya PC yanakera. Kaunta inasoma fremu 90 kwa sekunde, lakini mlango ukifunguka au adui mpya akitokea, picha inaganda kidogo ndipo iendelee. Ukirudia sehemu ileile, haigandi. Kushusha ubora wa picha hakusaidii. RAM GB 16, VRAM (kumbukumbu ya kadi ya picha) GB 8, SSD ya NVMe. Niwashe Frame Generation (ile inayobuni fremu za ziada katikati ya zile halisi) au nibadilishe kadi?

Jibu la 1
Usinunue kadi kwa sababu hiyo mkuu. Dalili iko wazi: sehemu ikirudiwa haigandi. Hizo ni sheda, vijiprogramu vinavyoielekeza kadi namna ya kuchora nyuso, vivuli na moshi. Kwenye PC kila aina ya kadi na draiva (programu inayoiendesha kadi) inataka za kwake, kwa hiyo hukompailiwa, yaani hugeuzwa kuwa lugha ya kadi, kwenye mashine yako. Gemu lisipozimaliza mapema, litazikompaili katikati ya mapambano. Kwa fremu 60, kila fremu ina milisekunde 16.7 tu, sheda moja ikila 100, fremu sita zimeshapita. Wastani wa 90 unaficha hilo kabisa, kwa hiyo tazama grafu ya muda wa fremu kwenye programu za kupimia kama RTSS au CapFrameX. Konsoli zina maunzi ya aina moja, ndiyo maana sheda zake huja tayari.

Gemu likianza kukompaili kwenye menyu, liache lifike asilimia 100. Kama kadi ni ya Nvidia, ingia Control Panel, Manage 3D settings, Shader Cache Size, weka 10 GB. Na usibadilishe draiva bila sababu: ukiweka mpya, kwa kawaida sheda zinaanza kukompailiwa upya.

Jibu la 2
Naongezea. Kama linaganda ukikatiza ramani kwa kasi, na ukirudi linaganda palepale, hiyo si sheda. Ni upakiaji wa eneo jipya, na mara nyingi CPU ndiyo inayoelemewa. Weka kikomo cha fremu 60 ili CPU ipate nafasi ya kupumua. Itapunguza tu, haitamaliza, maana dawa yenyewe iko kwa waliolitengeneza.

Angalia VRAM pia. GB 8 zikijaa, teksicha (picha zinazofunika nyuso za vitu) zinahamia RAM na kupitia PCIe, njia iliyo ya polepole mno. Shusha teksicha ngazi moja, kisha zima gemu uliwashe upya.

Jibu la 3
Frame Generation achana nayo hapo. Inashikilia fremu halisi ili ichore ya katikati, kwa hiyo vitufe vinachelewa kuitika, na fremu halisi ikikwama haina cha kuchora. Inafaa ukiwa tayari na fremu halisi 60 hivi. Kinachoudhi ni watengenezaji kuihesabu kama nguvu ya mashine: Monster Hunter Wilds ya 2025 ilitangaza mahitaji ya kufikia fremu 60 kwa 1080p ikiwa imewashwa!

Aliyeuliza
Na nikifanya yote bado likaganda?

Jibu la 1
Rudisha. Kama ulilinunua Steam, duka la magemu la mtandaoni, wanapokea ndani ya siku 14 tangu ununue, mradi hujavuka saa 2 za kucheza. Tahadhari: dakika za kukompaili sheda zinahesabika humo, kwa kuwa gemu liko wazi. Likimaliza, usipoteze muda kwenye mafunzo ya mwanzo. Nenda moja kwa moja kwenye eneo kubwa la wazi, grafu ikiwa mbele yako.