Tamasha dogo la roki na metali: Tilburg, Oslo, Trutnov au Ghanzi?

GitaaLaMeru (Arusha)

Wakuu, habari za jioni. Mimi na mdogo wangu tumeweka akiba kwa miaka miwili ili tusafiri mara moja tu kwenda kutazama bendi za roki na metali (yaani roki nzito ya magitaa yenye kelele) zikipiga mbele ya macho yetu, kwa kuwa nyingi ya zile tunazozipenda hatujawahi kuziona isipokuwa kwenye simu. Matamasha makubwa tumekwisha kuyaondoa katika hesabu. Wacken ya Ujerumani ilianza mwaka 1990 na watazamaji wapatao 800, na siku hizi hupokea watu wapatao 85,000. Binamu yetu aliyewahi kuhudhuria tamasha la ukubwa huo, ambalo sitalitaja, alirudi na video nyingi za skrini, akatueleza kwamba alisimama mbali kiasi cha kuona fimbo ya mpiga ngoma ikiinuka tena ndipo mlio wa pigo lililotangulia umfikie.

Tumebakiwa na manne: Roadburn ya Tilburg, Uholanzi, Inferno ya Oslo, Norwei, Obscene Extreme ya Trutnov, Ucheki, na Overthrust Winter Metal Mania ya Ghanzi, Botswana. Siulizi ni wapi penye majina makubwa. Ninauliza ni wapi mtu wa kimo cha kawaida ataviona vidole vya mpiga gitaa na kuisikia besi ikiwa besi, si ngurumo. Ninaomba wanaoyafahamu watulinganishie.

BintiPangani (Breda, Uholanzi)

Karibu sana, kaka. Ninaishi karibu na Tilburg, hivyo nitasema juu ya Roadburn, nawe ujue mapema kwamba nina upendeleo.

Tamasha hilo lilianza mwaka 1999 na hufanyika mwezi Aprili, kuanzia Alhamisi hadi Jumapili, ndani ya kumbi na si uwanjani. Makao yake ni ukumbi wa 013, ambao ulipanuliwa mwaka 2015 hadi chumba chake kikubwa kikafikia nafasi ya watu wapatao 3,000. Idadi hiyo isikutishe, kwa kuwa sakafu ya chumba hicho imepangwa kwa ngazi pana zinazopanda kuelekea nyuma, na mtu mfupi kama mimi akisimama kwenye ngazi ya tatu au ya nne huliona jukwaa lote bila kuomba radhi kwa yeyote. Mbali na chumba hicho kipo kidogo katika jengo lilelile, tena zipo kumbi nyingine katika eneo la Spoorzone, ambalo zamani lilikuwa karakana za reli. Kutoka upande mmoja hadi mwingine ni mwendo wa dakika chache kwa miguu.

Kinachonirudisha Roadburn ni namna ratiba inavyotungwa. Bendi huombwa kupiga albamu nzima kutoka mwanzo hadi mwisho, au kutunga kazi mpya kwa ajili ya tamasha hilo peke yake, na msanii mmoja aweza kupewa nafasi mara mbili au tatu kwa siku tofauti akiwa na wenzi tofauti. Kwa miaka kadhaa mwanamuziki mmoja alipewa jukumu la kuchagua sehemu ya bendi. Mwaka 2010 alikuwa Tom G. Warrior wa bendi ya Celtic Frost, na mwaka 2019 alikuwa Tomas Lindberg wa bendi ya At the Gates. Kwa hiyo unayoyasikia Tilburg huenda usiyasikie tena popote, hata ukiifuata bendi ileile bara zima.

Dosari yake ni kwamba bendi mbili nzuri hupiga kwa wakati mmoja katika kumbi mbili, na vyumba vidogo hujaa mapema. Mtu akifika mlangoni wakati bendi inaanza, hubaki nje kwenye foleni akisikia ukuta ukitetemeka. Mimi huchagua bendi tatu kwa siku ambazo siko tayari kuzikosa, nikaingia nusu saa kabla, na zilizobaki naziacha zinikute nilipo.

MzeeWaBesi (Oslo)

Nampa hongera Binti kwa maelezo yake, lakini ndugu yetu asisahau kwamba Roadburn si mahali pa kwenda kutafuta metali peke yake. Siku hizi waandaaji huchanganya sana, na kijana aliyezoea dethi metali, tawi la metali lenye sauti nzito za koo, aweza kujikuta jioni nzima akisikiliza kinanda na sauti za mashine. Wengine hulipenda jambo hilo, nami pia nalipenda kiasi, ila mtu anayesafiri mara moja ni vyema alijue kabla ya kununua tiketi.

Inferno haina utata huo. Ilianza mwaka 2001 na hufanyika siku nne za Pasaka, kuanzia Alhamisi Kuu hadi Jumapili yenyewe, na kitovu chake ni ukumbi wa Rockefeller, jengo ambalo zamani lilikuwa bafu la umma. Rockefeller una roshani pande za juu, na aliyewahi nafasi ya mbele ya roshani humtazama mpiga ngoma kwa juu, akaona miguu yake yote miwili inavyofanya kazi, jambo ambalo hata aliyesimama safu ya kwanza chini halioni. Chini ya jengo hilohilo kuna chumba kidogo kiitwacho John Dee, ambamo jukwaa ni fupi na bendi changa hupiga zikiwa zimekaribiana na watu kana kwamba ziko sebuleni. Ninamshauri kila mgeni asiache kuingia humo jioni mapema.

Zaidi ya hapo, Oslo ndio mji ambamo bleki metali ya Norwei, tawi jingine la metali, ilikulia. Jengo lililokuwa na duka la rekodi la Helvete, lililofunguliwa mwaka 1991 na Øystein Aarseth wa bendi ya Mayhem, lipo mtaa wa Schweigaards gate, na wageni wengi wa tamasha huenda huko mchana. (Historia ya mambo yaliyotendwa na baadhi ya watu wa mduara ule, yaani kuchoma makanisa na kuua, ni ya kusikitisha, na mimi hujiuliza kila mwaka kama ni haki kuigeuza kuwa utalii.)

Sasa ubaya wake. Norwei ni ghali, na chakula cha mlo mmoja mkahawani chaweza kula bajeti yako ya siku. La pili ni kwamba siku hizo za Pasaka maduka mengi hufungwa Alhamisi, Ijumaa, Jumapili na Jumatatu, hivyo asiyenunua mahitaji yake Jumatano hushinda akila soseji za vibandani.

NgomaMbili (Brno, Ucheki)

Wote wawili wanazungumzia kumbi. Mimi nitalitetea tamasha la uwanjani, lenye majani na matope.

Obscene Extreme ilianza mwaka 1999, na hufanyika mwezi Julai katika uwanja wa Bojiště ulioko pembezoni mwa mji wa Trutnov, kaskazini mwa nchi. Bojiště maana yake ni uwanja wa vita, na kweli Waprusia na Waustria walipigana Trutnov mwezi Juni mwaka 1866, ingawa siku hizi wanaoanguka pale huinuliwa mara moja na jirani zao. Muziki wake hasa ni graindikoa na dethi metali: nyimbo fupi, kasi kubwa, sauti za koo.

Faida mbili hazipatikani Tilburg wala Oslo. Kwanza, bendi hufuatana moja baada ya nyingine kwa siku nzima, hivyo hakuna kuchagua kati ya mbili na kujilaumu usiku. Pili, hakuna uzio kati ya jukwaa na watu. Mtazamaji hupanda jukwaani, hucheza kidogo kando ya mpiga besi, kisha hujirusha akadakwa na mikono ya waliopo chini. Ndugu GitaaLaMeru aliuliza juu ya kuona vidole vya mpiga gitaa. Huku aweza kuviona kwa umbali wa kiwiko, mradi asizuie kazi ya watu. Chakula cha uwanjani hakina nyama, na mlaji wa nyama kama mimi nimekula dengu siku nne bila kulalamika.

Hata hivyo sitamficha kwamba kila bendi hupewa muda mfupi, na ikifika jioni ya siku ya pili masikio huanza kuchanganya bendi moja na nyingine. Anayetaka nyimbo ndefu zinazojengwa polepole hapa si mahali pake. Kulala ni kwenye hema.

KelelePole (Nairobi)

Mimi ni fundi mitambo ya sauti, na ningependa kuongeza jambo ambalo halijaguswa, nalo ni kwamba ukaribu na usikivu si kitu kimoja.

Katika ukumbi mdogo, aliye safu ya kwanza kabisa husikia ngoma moja kwa moja kutoka jukwaani na gitaa la upande aliosimama, lakini sauti ya mwimbaji hutoka kwenye spika kubwa zilizowekwa pembeni au kuning'inizwa juu, ambazo humpita kichwani. Ndiyo maana watu hutoka mbele wakisema mwimbaji hakusikika, ilhali aliyesimama nyuma yao hatua kumi na tano alisikia kila kitu. Mahali pazuri zaidi pa kusikiliza ni mbele kidogo ya meza ya fundi, kwa kuwa yeye hupanga sauti kwa kadiri anavyoisikia pale alipo. Uwanjani mambo hubadilika tena, maana upepo huzichukua sauti nyembamba na kuzirudisha, na mita thelathini kutoka jukwaani wimbo waweza kusikika kama unapigwa nyuma ya pazia linalopeperuka. Kwa hiyo ningemshauri atazame nyimbo mbili akiwa mbele, kisha arudi nyuma asikilize zilizobaki.

Jambo la pili ni masikio. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2022 kwamba wastani wa sauti katika kumbi za burudani usizidi desibeli 100, na Uholanzi kumbi na matamasha hufuata makubaliano ya desibeli 103 kwa wastani wa dakika 15. Tofauti ya desibeli 3 huonekana ndogo kwenye karatasi, lakini ni mara mbili ya nguvu ya sauti. Vizibo vya masikio vya wanamuziki, ambavyo hupunguza sauti zote kwa usawa badala ya kuziba zile nyembamba tu, ndicho kifaa cha kwanza cha kununua, kabla ya fulana na kabla ya viatu.

Na kabla ya kuvuka bahari, naomba tukumbuke kwamba Nairobi ina bendi zake. Duma, vijana wawili waliotoka katika bendi za metali za hapa, walitoa albamu yao mwaka 2020 kupitia lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala, na Lord Spikeheart, aliyekuwa mwimbaji wao, alitoa ya kwake mwaka 2024. Ukibahatika kuwaona watu wa namna hiyo katika baa yenye watu mia moja, hutaulizia tena umbali wa jukwaa.

MwalimuKalahari (Maun, Botswana)

Shikamooni wakubwa. Nilikuwa nikisubiri Ghanzi itajwe na mtu mwingine, naona nitaitaja mwenyewe.

Overthrust ni bendi ya dethi metali ya Ghanzi, mji mdogo wa ng'ombe katikati ya Kalahari, na ndiyo iliyopiga Wacken mwaka 2016. Tamasha lao hufanyika majira ya baridi, ambayo huku huanza mwezi Mei, na sehemu ya lengo lake ni kuchangia watoto wenye shida. Bendi si nyingi na mitambo si ya Rockefeller. Lakini mashabiki huja wamevaa ngozi nyeusi kutoka kofia hadi viatu, wenye minyororo na misumari, hutembea mjini mchana wakisalimiana na wazee, na usiku bendi ikimaliza hushuka na kusimama pamoja nawe kutazama inayofuata. Katika matamasha manne uliyoyataja, hapa ndipo utakapozungumza na mpiga gitaa na kumwomba akuonyeshe vidole vyake, kama hilo ndilo ulilolitaka.

Mtanzania hahitaji viza kwa ziara fupi ya Botswana. Kwa yale matatu mengine, nchi zote ziko katika eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, Norwei ikiwemo ingawa haimo katika Umoja wa Ulaya. Ada ya viza hiyo kwa mtu mzima imekuwa yuro 90 tangu mwaka 2024, na maombi hupelekwa kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi, si mapema kuliko miezi sita na si chini ya siku 15 kabla ya safari.

BintiPangani

Niongeze kwa hayo ya Mwalimu: asijaribu kuunganisha Tilburg na Oslo bila kutazama kalenda. Pasaka huhama, na mwaka 2025 Roadburn na Inferno ziliangukia siku zilezile, tarehe 17 hadi 20 Aprili. Pasaka ikiwa ya mapema, hayagongani, na viza moja huweza kutosha kwa yote mawili.

GitaaLaMeru

Ninawashukuru wote. Jana usiku tumeketi na mdogo wangu tukapiga hesabu upya. Trutnov tumeiacha, si kwa ubaya, bali mama akisikia habari ya kujirusha kutoka jukwaani atatuficha pasipoti. Oslo imetushinda kwa bei ya chakula. Akiba yetu ingetosha Tilburg kwa mtu mmoja na nusu, na hatukubaliani nani awe nusu. Kwa hiyo mwakani twende Ghanzi wote wawili, na kilichobaki kibaki benki mpaka kitimie cha Roadburn. Mwalimu, kutoka Maun hadi Ghanzi tunasafirije, na usiku wa Mei huko tuvae nini?

MwalimuKalahari

Kutoka Maun kuna basi, na barabara ni ya lami mwanzo hadi mwisho, saa tatu au nne hivi. Msije na majaketi ya ngozi mkidhani yatatosha, kwa sababu ngozi hushika baridi ya jangwa na kuitunza. Mje na sweta mbili kila mmoja, soksi za sufu, na blanketi lile zito la Kimasai mnalolidharau huko Arusha. Ni jekundu, na wengine wote watakuwa wamevaa nyeusi, basi mimi sitapata taabu kuwatambua.