Tupeane uzoefu: nani alishadai hela ya mzigo wa mtandaoni na ikarudi?

Binti Mbagala: Nimeona status ya mtu kaletewa viatu vyote vya kushoto nikakumbuka gauni langu lililokuja saizi ya mtoto. Nani alishadai kwa simu tu na hela ikarudi?

mzee_wa_kifurushi: Haijawahi. Siku hizi nalipa mzigo ukiwa mkononi, boda namwambia asubiri nafungua.

Mama Kulwa: Ngoja niwape yangu. Niliagiza blenda kwenye app moja ya Wachina, elfu 62, nikasubiri wiki tano. Naenda kuchukua, boksi jepesi kama limebeba mkate, nafungua naona jagi na mfuniko, mota hamna! Bahati mdogo wangu alikuwa anarekodi. Nikafungua madai humohumo kwenye app, muuzaji huyo inboksi, "mpendwa rafiki bonyeza umepokea kwanza nitakutumia mota". Thubutu! Ukibonyeza tu hela iliyoshikiliwa na app inaenda kwake, umekwisha. App nao wakataka picha ya mzigo ukiwa kwenye mzani na uzito unasomeka, mzani naupata wapi saa mbili usiku, nikakimbilia bucha, jamaa kashusha utumbo, kafuta, kaweka jagi langu, gramu 740, na foleni nyuma yangu inacheka. Siku ya tisa hela ikarudi yote. Jagi ninalo, naweka juisi.

kaka_Sele: Blenda elfu 62 na ulitegemea mota 😂 tamaa hiyo

Mama Kulwa: Tamaa ni ya aliyebaki na mota kaka, si mimi.

Mkenya halisi: Huku watu hukimbilia kuforward mesej ya M-Pesa kwa 456 ya Safaricom pesa irudishwe, lakini hiyo ni ya aliyekosea namba. Ukimtumia seller mwenyewe kwa hiari yako na ashatoa pesa, pole.

Mswahili wa Hamburg: Mie nilitaka kulalamika kwenye lile jukwaa la Umoja wa Ulaya la malalamiko ya wanunuzi wa mtandaoni, kumbe wamelifunga tangu 20 Julai 2025. Nikafungua kesi PayPal nilikolipia, wao wanakupa siku 180 toka ulipolipa. Ilirudi.

mzee_wa_kifurushi: Na sisi wa insta tunaotuma kwa namba ya mtu?

kaka_Sele: Muanike na picha yake

Binti Mbagala: Usimuanike, kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 utageuziwa kibao. Tunza chati na muamala uende polisi, meseji yake forward 15040, namba ya kuripoti meseji za matapeli.

mzee_wa_kifurushi: Chati nilifuta kwa hasira

Mama Kulwa: 🤦🏾‍♀️

kaka_Sele: Mama Kulwa hiyo bucha iko wapi, nina mzigo nachukua kesho